Undugu wa Kazini Haushonwi kwenye Fulana

Kila Mei Mosi nchi hii hujaa fulana. Benki zina zake, halmashauri zina zake, migodi ina yake, na mgongoni pameandikwa kaulimbiu ambayo haikosi umoja, mshikamano au familia ndani yake. Watu huandamana hadi uwanjani, mgeni rasmi hupokea maandamano, wafanyakazi bora huitwa mmoja mmoja wakapewa hundi au jokofu, na jioni waliosimama pamoja juani tangu saa mbili asubuhi hutawanyika, wengine bila hata kujuana majina. Wiki haijaisha, fulana iko shambani, imevaliwa na shemeji.

Sina ugomvi na fulana. Ninachokataa ni imani iliyoota mizizi kwenye ofisi zetu kwamba watu wa kazini wanaweza kufanywa ndugu kwa kununuliwa vitu. Kampuni inaandaa bonanza la mpira na kuvuta kamba, inachinja mbuzi, inamleta mhamasishaji kutoka Dar es Salaam, inafungua grupu la WhatsApp lenye jina tamu, halafu meneja rasilimali watu anaandika kwenye ripoti kwamba mshikamano umeongezeka. Mjini imani hiyo inaweza kuishi miaka mingi bila kujaribiwa, maana mtu akitoka ofisini anapotelea mtaani kwake na hakuna anayejua analala wapi wala amelala njaa au ameshiba. Nyamongo hakuna pa kujificha. Ndiyo maana nataka tulizungumzie jambo hili huko.

Ukitoka Tarime mjini kwa barabara ya Mugumu, ukapita Nyamwaga, basi kabla hujavuka Mto Mara na kuingia wilaya ya Serengeti unaviona vilima ambavyo Mungu hakuviumba: vifusi vya mawe vilivyopangwa ngazi kwa ngazi na malori. Huo ndio mgodi wa North Mara, na hapo ndipo Nyamongo. Mashimo yake yana majina ya hapahapa: Nyabirama, Nyabigena, Gokona. Vijiji vinavyouzunguka, Nyangoto, Kewanja, Kerende, Genkuru na vinginevyo, viko karibu kiasi kwamba kuna nyumba ambazo ukikaa kibarazani unautazama ukuta wa mgodi. Baruti ikilipuliwa mchana, kuku wanakimbia.

Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002 ukiwa wa Afrika Mashariki Gold Mines. Mwaka uliofuata ukachukuliwa na Placer Dome. Mwaka 2006 ukawa wa Barrick, 2010 ukawa chini ya African Barrick Gold, 2014 kampuni hiyo ikajiita Acacia, na 2019 Barrick ikarudi, safari hii pamoja na Serikali yenye hisa za asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Mfanyakazi aliyeajiriwa mwanzo kabisa na akabahatika kudumu amebadilishiwa nembo kifuani mara nne au tano bila yeye kuhama shimo. Kila nembo ilikuja na maadili yake ukutani na maelezo yake kuhusu sisi ni nani. Muulize mtu wa namna hiyo ni kitu gani hakikubadilika miaka yote hiyo. Hatakutajia maadili ya ukutani. Atakutajia watu: yule aliyemfundisha kuendesha mtambo, yule aliyemsitiri alipofiwa, yule waliyekula naye ugali wa usiku akahamia Geita na hadi leo wanapigiana simu.

Hoja yangu nzima iko hapo. Undugu wa kazini ni mali ya wafanyakazi. Wao huujenga, wao huuhama nao. Kampuni haiwezi kuutengeneza, ila inaweza kuuvunja, na mara nyingi inauvunja bila kujua, kwa karatasi moja ya rosta.

Kipimo changu ni msiba. Sherehe huja kila mtu, hasa kukiwa na nyama. Msibani huja anayekujali, na Nyamongo msiba haufichiki.

Chukua jambo la kawaida kabisa. Kijana wa Kerende, mwendesha lori la mgodini, yuko zamu ya usiku. Simu iko kwenye kabati kwa sababu za usalama. Hairuhusiwi mtu kuwa nayo kwenye usukani wa gari linalobeba zaidi ya tani mia za mawe. Wakati wa mapumziko, saa nane usiku, anaifungua na kukuta simu tisa zilizopigwa bila kujibiwa. Baba yake mdogo amefariki. Kwa Wakurya, na kwa makabila mengi ya Kanda ya Ziwa, baba mdogo ni baba. Huenda ndiye aliyemlipia ada ya sekondari. Huenda ndiye aliyekaa mbele siku ya kuhesabu ng'ombe wa mahari. Matanga hayawezi kwenda bila kijana huyu, na akikosekana wazee watauliza, na jibu kwamba alikuwa kazini halitawaridhisha wote.

Sasa fungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34. Mfanyakazi anapewa angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki, au akifiwa na mwenzi wake, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mdogo hayumo. Mjomba hayumo, shangazi hayumo. Na siku hizo 4 ni jumla: misiba ikifuatana ndani ya mzunguko mmoja wa likizo, siku zitakazozidi hazina malipo. Waliotunga kifungu hiki hawakuwa wabaya. Waliweka kiwango cha chini, na kabla yake wengi hawakuwa na chochote. Lakini orodha ile ni ya familia inayokaa kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na kijana wetu ana ukoo.

Kwa hiyo, kisheria, msimamizi wa zamu anaweza kumwambia arudi kwenye lori. Kinachotokea mara nyingi ni mazungumzo mafupi pale kwenye chumba cha chai.

"Mura, pole sana. Sasa hili lori namwachia nani mpaka asubuhi?"

"Mzee, mwache aende," anadakia mwenzake, mtu wa Kahama ambaye huyo baba mdogo hajawahi kumwona. "Mimi ya kwangu ya Jumamosi nimebadilishana naye. Atanirudishia mwezi ujao."

Mtu wa Kahama amefanya pale kitu ambacho bajeti ya bonanza haiwezi kukifanya. Na ona kilichohitajika ili kifanyike: msimamizi mwenye mamlaka ya kukubali watu wabadilishane zamu bila kuandika barua tatu kwenda makao makuu. Hakuna gharama. Saa za lori ni zilezile, mawe ni yaleyale. Lakini katika sehemu nyingi za kazi, migodini na kwingineko, mamlaka hayo yamenyofolewa kwa msimamizi na kuwekwa kwenye mfumo wa kompyuta unaopanga watu kwa namba. Mfumo haujui baba mdogo ni nani.

Asubuhi grupu la zamu linaamka. Kuna mtu, kila zamu inaye, ambaye hakuchaguliwa na yeyote lakini ndiye mweka hazina wa huzuni za watu. Anaandika orodha: namba moja mpaka arobaini, majina, kiasi, na alama ya tiki kwa aliyekwisha kutuma. Ahadi zinawekwa kwenye mabano. Kufika jioni orodha imekopiwa na kubandikwa upya mara ishirini, kila mmoja akiongeza tiki yake. Siku ya mazishi watu watano wasio kwenye zamu wanapanda Probox hadi kijijini, wanakaa kwenye mabenchi, na mmoja wao anasimama mbele ya wazee kukabidhi bahasha na kusema: sisi ni wenzake wa kazini. Mama wa kijana anawatazama mmoja mmoja. Kuanzia siku hiyo, wale watu wa Kahama, Mbeya na Kilimanjaro wanajulikana Kerende kwa sura.

Kampuni nayo inaweza kutuma gari na jeneza, na ni jambo jema sana, tena kwa familia nyingi ni mzigo mkubwa unaoondolewa. Ila gari lenye nembo ni haki ya mfanyakazi. Wale watano wa Probox ni watu wake. Mameneja wengi wamechanganya mambo hayo mawili, wakadhani ukitoa la kwanza umepata la pili.

Narudi kwenye rosta, maana hapo ndipo penye siri. Migodi mikubwa huenda kwa zamu za saa 12, usiku na mchana, siku kadhaa kazini na siku kadhaa za kupumzika. Sheria yetu inahesabu usiku tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi na kumpa mfanyakazi nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya muda huo. Hakuna sheria inayohesabu nani uko naye usiku huo. Kundi lililokaa pamoja mwaka mzima linakuwa na lugha yake, utani wake, na zaidi ya yote linakuwa na mchezo wake wa fedha. Watu kumi wanachanga kila mshahara, mmoja anapokea, mwezi unaofuata mwingine. Huyu anaezeka bati, yule analipa ada. Halafu siku moja linatoka tangazo kwamba makundi yamepangwa upya kwa ajili ya ufanisi. Sita wanakwenda huku, wanne kule. Aliyekuwa wa tisa na wa kumi kupokea wanabaki kuwasaka wenzao kwenye geti. Aliyepanga upya hakujua kulikuwa na mchezo. Hakuuliza. Kwenye karatasi yake yalikuwepo majina tu.

Nasema hivi bila kusahau kwamba kuna sababu halali za kuvunja makundi. Watu waliozoeana mno hufichiana makosa, na mgodini kosa lililofichwa linaua. Kwenye dhahabu pia kuna sababu nyingine ambayo kila mtu wa Nyamongo anaijua na hakuna anayeisema kwa sauti. Vunjeni basi. Lakini vunjeni kwa taarifa ya miezi, si ya siku, na mweka hazina wa zamu awe wa kwanza kuambiwa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa ofisini hawalijui vizuri. Hatari hushona watu. Anayeshuka Gokona, kwenye uchimbaji wa chini ya ardhi, anajua kwamba paa likitikisika, atakayekuja kumtafuta si mkurugenzi. Ni fundi umeme na mpimaji na mpishi waliojitolea kwenye timu ya uokoaji, wakafanya mazoezi ya kubeba machela wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni. Hata kwa wachimbaji wadogo, wasio na timu wala mitungi, kanuni ni hiyo. Mwaka 2015 huko Nyangarata, wilayani Kahama, machimbo yaliporomoka Oktoba na kufukia watu. Siku 41 baadaye watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula mizizi na mende. Waliowasikia huko chini ni wachimbaji wenzao. Ukiwa umewahi kusikia sauti ya mwenzako chini ya ardhi, hakuna mhamasishaji anayeweza kukueleza mshikamano ni nini.

Lakini hatari peke yake haitoshi, kwa sababu haigawanywi sawa. Kwenye migodi yetu mikubwa watu wawili wanaweza kufanya kazi mita kumi kutoka mmoja hadi mwingine, wote na gambuti, wote na kofia ngumu, vumbi moja, jua moja. Mmoja ameajiriwa na mgodi: ana bima ya familia, ana bonasi, ana mkataba usio na mwisho. Mwingine ni wa mkandarasi: mkataba wa mwaka, au miezi sita, na zabuni ya mwajiri wake ikikosekana anaondoka naye. Wote wawili wameambiwa kwenye kikao cha usalama asubuhi kwamba sisi ni kitu kimoja. Yule wa mkandarasi anasikiliza huku anatazama kizibao chake, ambacho rangi yake ni tofauti ili walinzi wajue mlango gani anaruhusiwa kupita.

Bonasi ikitoka ndipo utajua. Wiki hiyo grupu la WhatsApp linakuwa kimya upande mmoja. Mchango wa msiba nao unaanza maneno: wenye hela wachange. Nimewasikia watu wa kudumu wakilalamika kwamba wenzao wa mkandarasi hawachangi, na wa mkandarasi wakisema hawachangi kwa sababu wao wakifiwa hakuna anayekuja. Wote wanasema kweli. Ukitaka watu hawa wawe jumuiya, acha kuwahubiria na punguza pengo: chakula kimoja, basi moja, zahanati moja, fidia ya ajali isiyouliza rangi ya kizibao. Mishahara kulingana sitarajii.

Wapo wanaokumbuka enzi nyingine na kuzitamani. Wanaitaja Mwadui, mgodi wa almasi wa Shinyanga ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, uliokuwa na nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, uwanja wa ndege, na timu ya mpira iliyokuja kucheza ligi kuu. Wanataja viwanda vya sukari: Mtibwa Sugar walikuwa mabingwa wa nchi 1999 na 2000, wakiwa timu ya shamba la miwa. Ni kweli kulikuwa na kitu pale. Mtoto wa karani na mtoto wa kuli walisoma dawati moja, na Jumamosi walishangilia timu moja.

Ila mimi nikisikia habari za mji wa kampuni, akili inakwenda Katanga, huko Kongo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya migodi ya Union Minière iliamua kwamba mchimbaji mwenye mke na watoto kambini hatatoroka. Ikajenga nyumba, shule, zahanati, ikagawa posho ya unga. Watu wa makabila kadhaa, kutoka Kasai hadi Rwanda, wakaishi pamoja, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kiswahili cha Lubumbashi kilichovuma baadaye kilikulia katika kambi hizo. Ukitaka mfano wa jumuiya ya kazini iliyojengwa kwa makusudi, Afrika hii hupati mkubwa kuliko ule. Lakini Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kudai nyongeza ya mshahara na kukusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, askari waliwafyatulia risasi na kuua makumi. Uwanja wa mpira, ule wa kujenga mshikamano. Na miaka 60 baadaye, kampuni ya Gécamines iliyorithi migodi hiyo ilipoishiwa, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kuanzia 2003 kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wengi walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Shule ilikuwa ya kampuni, dawa za kampuni, unga wa kampuni. Kampuni ilipotoweka, mtu alijikuta hana hata pa kuanzia kuomba.

Kwa hiyo siitamani Mwadui, wala simwonei wivu Mkatanga. Bora mchezo wa watu kumi ambao kampuni haiujui kuliko kijiji kizima ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwa mwajiri. Ndugu zetu wa mgodi wa Bulyanhulu walijifunza hili kwa njia ngumu mara mbili. Oktoba 2007 waligoma, na mamia wakaondolewa kazini. Mwaka 2017, baada ya Serikali kuzuia makinikia kusafirishwa nje, Acacia ilipunguza shughuli za mgodi na mamia wengine wakapoteza ajira, safari hii bila kosa lao wala mgomo wao. Kampuni yoyote, iwe nzuri kiasi gani, ina siku yake ya kukupa barua. Ikikwambia ninyi ni familia yake, ishukuru kwa ukarimu, kisha endelea kulipa ada ya chama chako.

Nyamongo ina ugumu mmoja wa ziada ambao sijaona ukielezwa sawasawa katika makongamano ya waajiri. Mfanyakazi wa huko ana jumuiya mbili, na katikati yake kuna ukuta.

Kabla mgodi haujaja, watu wa maeneo haya walichimba wenyewe. Mapato yaligawanywa kwa mawe, kila mtu na fungu lake, na aliyekosa leo alijua kesho yake ni hiyo hiyo ya wenzake. Uchimbaji wa viwandani ukafunga milango hiyo. Yakafuata ya kufuata: madai ya fidia, watu kuotesha miti na kuinua nyumba usiku kucha kwenye ardhi inayotarajiwa kuchukuliwa, ile tuliyoizoea kuiita tegesha, na vijana kuingia mgodini kuokota mawe. Desemba 2008 umati ulivamia na mitambo ya mamilioni ya dola ikachomwa. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja na kuingia Mto Tigithe. Mei 2011 si chini ya watu watano waliuawa kwa risasi za polisi mgodini.

Fikiria umeajiriwa humo ndani mwaka ule. Taarifa za kazini zinawaita watu wale wavamizi. Nyumbani wanaitwa kwa majina yao, na mmoja mlitahiriwa naye msimu mmoja. Rika la jando kwa Mkurya ni kitu kizito. Mnaitana rika mpaka uzeeni. Asubuhi unapanda basi la zamu na dirishani unaona watu wanakutazama. Hakuna fulana inayotosha mwili wa mtu aliye katika hali hiyo. Na bado tunamkuta mtaalamu aliyetoka mbali akishangaa kwenye ripoti yake kwa nini wafanyakazi wa eneo hili hawashiriki michezo ya kampuni kwa moyo.

Barrick yenyewe husema sasa kwamba zaidi ya asilimia 95 ya wafanyakazi wake nchini ni Watanzania, na kwamba wengi wao wanatoka jirani na migodi. Ni hatua. Lakini kuajiri mtu wa jirani ni kuajiri na ujirani wake. Ukimtaka kijana wa Nyangoto aache ukoo wake getini, atauacha kwa muda wa saa 12 na rohoni ataiacha kazi yako kwa muda uliobaki. Heri ukuta uwe na mlango: siku za wazazi na wake kuja kuona kazi inavyofanyika, wafanyakazi wa eneo kuwamo kwenye kamati zinazozungumza na vijiji, si kufichwa wakati wa mazungumzo hayo kana kwamba ni wasaliti wa pande zote mbili.

Hapa msomaji wa Tarime atanikatiza. Atasema ukoo ndio uliotumaliza, unataka kuuingiza na kazini? Ana haki ya kuuliza. Tumeona koo za Wakurya zikichomeana nyumba kwa ajili ya mipaka na mifugo, hadi Tarime na Rorya zikapewa kanda maalumu ya kipolisi. Na kazini nako, ukiacha watu wajipange wenyewe, watajipanga kwa kabila: grupu la watu wa Mbeya, grupu la Wasukuma, umoja wa wana-Mara wenye matawi ndani yake. Nafasi ya kazi ikitokea inapita kwenye grupu kabla ya kubandikwa ubaoni. Sheria ile ya 2004 inakataza ubaguzi kwa kabila na mahali mtu alikotoka, lakini grupu la WhatsApp halijawahi kusimamishwa kizimbani.

Jibu langu ni lile la chumba cha chai. Mtu wa Kahama hakubadilishana zamu na Mkurya kwa sababu alihudhuria semina ya utangamano. Alikuwa naye usiku mia moja. Zamu inayochanganya koo na makabila, ikiachwa ikae muda wa kutosha, inazalisha ukoo mwingine wenye sheria zake, na ukoo huo hauna ng'ombe wa kuibiana. Nimesikia wazee wakisema, kwa mzaha nusu, kwamba mgodi umewakalisha pamoja vijana wa koo ambazo wao wenyewe walishindwa kuzikalisha kwenye mkutano wa ukoo. Ila hilo linawezekana kwa wasimamizi wanaopandisha watu vyeo hadharani, kwa vigezo vinavyosomeka. Penye upendeleo kila mtu hurudi kwa watu wake haraka, na hatumlaumu.

Vyama vya wafanyakazi vingetakiwa kuwa ndiyo nyumba ya haya yote. TAMICO na NUMET vyote vimo migodini, na nguvu kubwa inapotea vikigombea wanachama vyenyewe kwa vyenyewe. Mara nyingi kiongozi wa tawi humwona mwanachama wakati wa kujaza fomu ya makato na wakati wa kufukuzwa. Katikati hapo kuna misiba, michezo ya fedha, watoto kuugua, akina mama waendesha mitambo wanaotafuta mahali pa kukamulia maziwa ya mtoto kwenye zamu ya usiku, na chama hakipo. Nafasi hiyo imechukuliwa na yule mweka hazina asiyechaguliwa na mtu. Ningekuwa katibu wa tawi ningemtafuta huyo kwanza kabla ya kuagiza bendera.

Maana kuna kitu kinachoweza kufanyika bila kusubiri Bunge. Sheria imeweka kiwango cha chini; mkataba wa hali bora unaruhusiwa kupanda juu yake. Majadiliano yajayo, pamoja na asilimia za nyongeza ambazo lazima zizungumzwe, wawakilishi waweke mezani vifungu vitatu vya kawaida kabisa. Kwamba orodha ya wafiwa iongezwe baba mdogo, mama mkubwa, mjomba, shangazi na mkwe. Kwamba msimamizi wa zamu aruhusiwe kuidhinisha wafanyakazi wawili kubadilishana siku kwa saini zao wawili na yake, basi. Na kwamba kundi la zamu lisivunjwe bila taarifa ya miezi mitatu. Kisha waseme vifungu hivyo viandikwe pia kwenye kila zabuni ya mkandarasi anayeingiza watu getini, ili mwenye kizibao cha rangi nyingine naye apande Probox. Mwajiri atauliza itagharimu kiasi gani. Wampe hesabu ya fulana za mwaka jana.